Kumtoa Mtoto Njiti Hospitalini kwa Gari: Kiti Kiandaliwe Mapema

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 anaweza kuwa amefikia uzito wa kuruhusiwa, ananyonya vizuri na hahitaji tena joto la mashine, lakini akawa bado hawezi kukaa salama katika kiti cha gari. Wazazi wengi hudhani kwamba kazi ya kiti hicho ni kumkinga mtoto wakati wa ajali tu. Mimi nilijifungua mtoto njiti hapa Minnesota, na jambo ambalo ningependa kila mzazi mwenzangu alijue mapema ni kwamba kwa watoto hawa suala la kwanza ni pumzi. Misuli ya shingo bado ni milegevu na njia ya hewa ni nyembamba na laini, kwa hiyo mtoto akiketishwa wima kupita kiasi kidevu huangukia kifuani na hewa hupita kwa shida. Tena, kwa kuwa ubongo wake haujakomaa katika kuongoza upumuaji, huenda asilie wala asijitikise. Atanyamaza tu, nasi tukaamini kwamba amepata usingizi mzuri.

Kwa sababu hiyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimependekeza kwamba watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37 wapimwe wakiwa ndani ya kiti kabla ya kwenda nyumbani. Mtoto hufungwa katika kiti chake mwenyewe, kile kile atakachosafiria, huku mashine ikifuatilia pumzi, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kwa dakika 90 hadi 120, au zaidi ikiwa safari ya kufika nyumbani ni ndefu kuliko hapo. Wauguzi huangalia kama pumzi inakatika kwa sekunde 20 au zaidi, kama moyo unapungua kasi kupita kiasi, na kama oksijeni inashuka. Chama cha madaktari wa watoto cha Canada, mwaka 2016, kilieleza kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza kipimo hiki kwa kila mtoto njiti, na ni kweli kwamba kufaulu hakumhakikishii mzazi kwamba hakutatokea shida barabarani. Hata hivyo, mimi ningekiomba tena bila kusita, kwa sababu ndicho kilichonipa nafasi ya kujifunza kumfunga mwanangu mbele ya mtu anayejua, mashine ikiwa bado imeunganishwa.

Mwanangu hakufaulu mara ya kwanza. Oksijeni ilishuka, kengele ikalia, na muuguzi aliponiita nikaona kwamba kichwa kilikuwa kimeinamia mbele na kiuno kimeteleza kuelekea ukanda wa katikati ya miguu. Alimtoa, akarekebisha mlalo wa kiti, akakunja nepi mbili za kitambaa na kuziweka moja kila upande wa kichwa na mabega, kisha akakunja nyingine ndogo akaiweka kati ya nepi aliyovaa mtoto na ule ukanda wa katikati ili asiteleze tena. Alinisisitizia kwamba kitu chochote kisiwekwe chini yake, nyuma ya mgongo wala nyuma ya kichwa, maana humsukuma mbele na kulegeza mikanda. Kipimo kilirudiwa baadaye, akafaulu. Asiyefaulu hata baada ya marekebisho huweza kuongezewa muda wodini, au kusafirishwa katika kitanda maalumu cha gari ambamo hulala chali.

Ndiyo maana ninasema kiti kisisubiri siku ya kuruhusiwa. Kipeleke wodini siku kadhaa kabla, na kabla ya kukinunua soma lebo yake, kwa kuwa viti vingine huanzia kilo 1.8 na vingine kilo 2.3 hivi, tofauti ambayo kwa mtoto njiti ni kubwa sana. Chagua kinachoangalia nyuma ya gari, chenye mikanda ya pointi tano (miwili ya mabega, miwili ya kiuno na mmoja wa katikati ya miguu), ambacho matundu ya chini kabisa ya mikanda ya mabega yako chini ya sentimita 25 kutoka kwenye makalio, na ukanda wa katikati uko chini ya sentimita 14 kutoka kwenye egemeo la mgongo. Kiti cha kupewa na ndugu kikubali ikiwa tu unajua hakijawahi kupata ajali na tarehe yake ya mwisho wa matumizi haijapita.

Mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini yake, na ikazwe mpaka usiweze kuubana mkunjo wake kwa vidole. Klipu ya kifuani ikae usawa wa makwapa. Wakati wa baridi, jambo ambalo huku hatuna namna ya kulikwepa, usimfunge akiwa na koti nene. Mvalishe nguo nyepesi, kaza mikanda, kisha mfunike blanketi juu yake bila kugusa uso.

Mama mkwe wangu alipomwona amefungwa alisikitika. "Mwanangu, kadogo namna hii kweli unakafunga mikanda? Nipe mimi nikapakate." Nilimjibu, "Mama, gari likifunga breki ghafla hakuna mikono inayoweza kumzuia. Ukae naye nyuma umwangalie anavyopumua." Akakubali, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko yeyote, kwa sababu mtu mzima wa kukaa kando ya mtoto huyu anahitajika kweli. Kiti chenyewe kikae siti ya nyuma, kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofumuka gari likipata ajali.

Miezi ya kwanza punguza safari zisizo za lazima, na zikiwa ndefu simama umtoe anyooke. Mkifika nyumbani mtoe mara moja hata kama amelala, alazwe chali kitandani pake, kwa sababu kiti cha gari si mahali pa kulala. Ikiwa anarudi na mtungi wa oksijeni au mashine ya kufuatilia pumzi, vifungwe sakafuni au chini ya siti ili visirushwe gari likisimama ghafla, na muulize muuguzi kabla hamjaondoka wodini vitafungwaje.