Maswali na Majibu: Friji Gani Itastahimili Safari ya Turkana?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mke wangu tumestaafu na tunaishi Nakuru. Tumenunua karavani kuukuu iliyoletwa kutoka Uingereza, na tunapanga kuivuta kwa gari letu la dizeli hadi Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana, tupige kambi siku nne au tano mahali pasipo na umeme. Ndani yake mna friji ya gesi ambayo pia hukubali umeme wa betri na ule wa nyumbani, na aliyetuuzia anasema hufanya kazi popote. Fundi wetu wa magari anatushauri tuing'oe na tuweke friji ya kompresa ya volti 12. Tumeonyeshwa pia friji ndogo ya bei nafuu inayochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari. Mke wangu anatumia insulini, kwa hiyo hatutaki kubahatisha. Tuchague ipi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Shikamoo mzee wetu, na salamu zetu zimfikie mama. Kwa kuwa mna dawa ya kutunza, nitasema wazi tangu mwanzo: fundi wenu amewashauri vyema. Friji ya gesi ing'olewe, ile ndogo ya soketi msiinunue, na fedha mtakazotenga zigawanywe baina ya friji ya kompresa, betri, sola na nyaya, kwa sababu friji nzuri iliyofungiwa umeme hafifu ni kabati tu.

Friji ya gesi haistahili kudharauliwa. Haina kompresa, yaani pampu ya umeme inayosukuma gesi ya kupoza; mwali mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, mvuke wa amonia hupanda na kupozwa nyuma ya friji hadi uwe kimiminika, kisha kimiminika hicho hufyonza joto la ndani kinapogeuka mvuke tena kikiwa pamoja na haidrojeni. Waliobuni utaratibu huo mwaka 1922 walikuwa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na umewafaa watu wengi: zahanati nyingi za vijijini Afrika zilihifadhi chanjo kwa friji za aina hiyo, za gesi au za mafuta ya taa, kabla ya friji za sola kuenea. Haipigi kelele, na mtungi wa kilo 6 huweza kuiendesha kwa wiki mbili hivi.

Hata hivyo, friji ya zahanati husimama mahali pamoja, juu ya sakafu iliyosawazishwa. Yenu itaegeshwa juu ya mawe ya Loiyangalani, na kimiminika kilicho ndani yake hushuka kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo ikiinama nyuzi chache tu mzunguko hukwama na ubaridi hupotea. Joto ni tatizo la pili. Tazameni kibandiko kilicho ndani ya mlango: herufi SN au N zina maana kwamba friji ilitengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32 za Selsiasi, ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Friji nyingi za karavani za Ulaya ni SN au N, na Turkana hupita nyuzi 32 mchana bila shida yoyote. Kisha kuna upepo. Mahali ambapo upepo unatosha kuzungusha mitambo 365 ya kufua umeme, kama ilivyo katika mradi ulio karibu na Loiyangalani, mwali mdogo nyuma ya karavani hauna uhakika wa kuendelea kuwaka usiku kucha. Mkiitumia kwa betri, itafyonza ampea 10 au zaidi mfululizo, kiasi ambacho kinafaa tu wakati injini inanguruma. Injini ikizimwa, betri itaisha kabla ya alfajiri.

Jambo moja zaidi kabla ya kuiacha, na hili ni la usalama. Fungueni kifuniko cha hewa kilicho ubavuni mwa karavani mkague mabomba yaliyo nyuma ya friji. Mkiona unga wa manjano, au mkinusa harufu kali inayochoma pua, mfumo umetoboka: msiiwashe tena, na unga huo usiguswe kwa mikono mitupu kwa kuwa una sumu. Gesi nayo ifungwe na fundi anayeijua kazi hiyo, na mdomo wa bomba uzibwe kabisa.

Ile friji ndogo ya soketi sitaizungumzia sana. Hupoza kwa kupitisha umeme katika kibamba cha semikondakta, na inaweza kushusha joto kwa nyuzi 18 hadi 20 tu chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 38, ndani mtapata 18 au 20, wakati insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8. Pamoja na upungufu huo, hula ampea 4 au 5 bila kupumzika, yaani takriban ampea-saa 100 (ampea mara saa) kwa siku, karibu mara mbili ya friji ya kompresa yenye ukubwa unaowafaa.

Tuje kwenye kompresa. Chagueni friji ya sanduku, ambayo hufunguliwa kwa juu, yenye ujazo wa lita 40 hadi 50. Hewa baridi ni nzito. Mlango wa mbele ukifunguliwa humwagika miguuni, lakini katika sanduku hubaki chini hata kifuniko kikiwa wazi. Ulizeni aina ya kompresa, muulize pia kama vipuri na mafundi wake wapo Nairobi. Zile za Secop, ambazo zamani zilijulikana kwa jina la Danfoss, zimetumiwa katika friji nyingi za aina hii kwa miaka mingi na mafundi wengi wanazifahamu. Bonyezeni kuta kwa vidole vyenu: ukuta mwembamba unaobonyea ni dalili ya kizuizi hafifu cha joto, na friji hiyo itakula umeme mwingi hata kompresa ikiwa bora.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kiini cha swali lenu. Friji ya ukubwa huo hutumia takriban wati 45 kompresa inapozunguka. Nakuru, penye baridi kiasi, itazunguka theluthi moja ya siku, na matumizi yatakuwa wati-saa 360 hivi. Turkana itazunguka karibu asilimia 60 ya muda, na matumizi yatafika wati-saa 650, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea-saa 54. Pigeni hesabu kwa siku ya Turkana, wala msikubali tarakimu iliyoandikwa kwenye katoni, kwa kuwa mara nyingi hupimwa katika chumba chenye joto la wastani. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo itawapa ampea-saa 50 tu, ambazo hazitoshi hata siku moja. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hutoa 80 au zaidi bila kudhurika. Ni ghali, lakini kwa safari yenu ningependelea mpunguze lita za friji kuliko kubana hapa.

Kwa sola, paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kali, ukiondoa theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi na nyaya, huleta wati-saa 700 hivi. Hizo zinatosha friji peke yake, lakini mtawasha taa na kuchaji simu, kwa hiyo nashauri wati 300. Kumbukeni pia kwamba karavani inataka kivuli nayo paneli inataka jua. Njia iliyo bora ni kuwa na paneli moja ya kukunjwa yenye waya mrefu, iwekwe juani na kufungwa imara kwa sababu ya upepo, huku karavani imejificha chini ya mitende au ukuta wa mawe.

Nyaya ndizo hupuuzwa zaidi. Waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, hupoteza karibu volti 0.8 unapobeba ampea 6. Ule wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 0.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini friji hizi hujizima betri ikishuka kiwango fulani ili isiharibike, na friji hupima volti zinazoifikia, si zile zilizo kwenye betri. Ndiyo maana mtu huikuta imezima usiku ilhali betri ina chaji ya kutosha. Mwambieni fundi avute waya mnene moja kwa moja kutoka betri ya karavani, aweke fyuzi karibu na betri, na asitumie soketi ya kiberiti, ambayo hulegea kwa mtikisiko. Waya wa kawaida wa trela unaotoka kwenye gari nao ni mwembamba. Ili alteneta, yaani jenereta ya injini ya gari, ichaji betri ya lithiamu ipasavyo, iwekwe chaja ya kati ya betri ya gari na ile ya karavani.

Kuhusu dawa ya mama, hatari si joto peke yake. Insulini ikiganda huharibika, na haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Iwekeni katika kikopo cha plastiki, katikati ya kikapu, mbali na kuta za ndani ambazo ndizo hupoa zaidi. Friji ipangwe nyuzi 5, na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kikae ndani ya kikopo hichohicho. Iwasheni nyumbani usiku mzima kabla ya kuondoka, ikiwa na vyakula vilivyokwisha kupozwa, kisha msome kipimajoto asubuhi. Nusu ya dawa ikae katika mfuko unaoloweshwa maji na kupoa maji hayo yanapovukiza, ambao hufanya kazi vizuri mahali pakavu penye upepo kama huko. Muulizeni mfamasia wenu dawa hiyo hustahimili joto gani, na kwa muda gani, ikiwa nje ya friji.

Mwisho wa yote, barabara ya kutoka Laisamis itatikisa kila kitu. Friji ifungwe kwa mikanda kwenye sakafu, si kwenye kabati la mbao nyepesi, na matundu yake ya hewa yaachiwe nafasi ya upana wa kiganja.

SWALI: Ninasafiri na pikapu yenye kibanda cha kulala. Kwa nini nisibebe friji yangu ndogo ya nyumbani na kuiendesha kwa inverta? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Inawezekana, ndugu yangu, lakini utalipia mara mbili. Kompresa ya nyumbani huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida wakati wa kuanza, hivyo utahitaji inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) kubwa kuliko unavyodhani, na inverta hiyo hula betri saa zote hata friji ikiwa imepumzika. Zaidi ya hayo, mabomba na viegemeo vyake havikutengenezwa kwa barabara ya vumbi. Ikiwa safari ni ya siku moja au mbili, beba sanduku la barafu lenye kuta nene. Ikiwa ni ndefu zaidi, nunua friji ya volti 12, na uifanyie hesabu ileile ya siku ya joto kali.