Kabla hujachora grafu ya unene wa barafu ya bahari

Wanaosomea kazi ya setilaiti hapa Nairobi, kuanzia vyuoni hadi kwenye mafunzo ya RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali, pale Kasarani, wamezoea misitu, mashamba ya mahindi na maji ya Ziwa Turkana. Wakipewa barafu ya Aktiki hudhani ni pikseli kama zile nyingine. Eneo lililofunikwa na barafu, sawa, picha zinalionyesha. Unene ni habari nyingine: setilaiti hupima kitu tofauti, kisha unene hutolewa kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayoharibu grafu nyingi za miaka mingi.

Kwanza jua nani alipima nini. Nyambizi za kijeshi, ambazo vipimo vyake chini ya barafu ya Aktiki huanzia mwaka 1958, zilipiga sona (mawimbi ya sauti) kwenda juu na kupima sehemu iliyozama. Setilaiti za NASA, ICESat (2003 hadi 2009) na ICESat-2 (tangu 2018), hutumia leza, na leza huishia juu ya theluji. CryoSat-2, iliyorushwa Aprili 2010, hutumia rada, ambayo huchukuliwa kwamba hupenya theluji hadi kwenye barafu yenyewe. Huchukuliwa tu, maana theluji ikiwa na unyevu au chumvi, mwangwi hurudi kabla ya kufika chini. Ukiziweka namba hizi tatu kwenye mstari mmoja bila kuzigeuza kwanza, umechora vyombo, hujachora barafu.

Sasa hesabu. Kwa rada, kimo cha barafu juu ya maji huzidishwa kwa msongamano wa maji ya bahari (1024, kilo kwa mita ya ujazo) na kugawanywa kwa tofauti ya msongamano wa maji na wa barafu. Kisha unaongeza uzito wa theluji: kina chake mara 320 (msongamano wa theluji), gawanya kwa tofauti ileile. Chukua kimo cha sentimita 20 na theluji ya sentimita 20. Barafu ya mwaka mmoja, yenye msongamano wa 917, inakupa mita 2.51. Barafu ya miaka mingi huwa na hewa zaidi. Ukiweka 882 unapata mita 1.89. Hujagusa kipimo hata kimoja, na sentimita 62 zimepotea. Ndiyo maana ramani ya umri wa barafu haikwepeki: Aktiki ya leo ina barafu changa nyingi kuliko ya miaka ya 1980, na ukitumia msongamano mmoja kwa miaka yote utapata mwelekeo usiokuwepo au utaficha uliopo.

Theluji ni balaa kubwa zaidi. Ukikosea kina chake kwa sentimita 5 juu, unene wa leza hushuka kama sentimita 33, ilhali wa rada hupanda kama sentimita 15, na zaidi ukiingiza pia marekebisho ya kasi ya mawimbi ndani ya theluji. Yaani kosa lilelile huvuta vyombo viwili pande tofauti. Jedwali la zamani la theluji linalotumika sana lilitokana na vituo vya Kisovieti vilivyoelea na barafu, 1954 hadi 1991, juu ya barafu ya miaka mingi. Juu ya barafu changa kawaida hupunguzwa nusu. Pia halibadiliki mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sehemu ya mwelekeo unaousaka halina.

Kwa anayeanza, usichome bando kwa faili za ATL03, data za ICESat-2 zenye kila fotoni (chembe ya mwanga) iliyorudi. Moja inaweza kufika gigabaiti kadhaa. Fungua akaunti ya bure ya Earthdata, tovuti ya data ya NASA, uchukue IS2SITMOGR4 kutoka NSIDC, kituo cha Marekani cha data ya theluji na barafu: gridi ya ICESat-2 ya kila mwezi, ndogo, yenye unene pamoja na theluji na msongamano uliotumika. Chora hizo mbili kabla ya unene.

Linganisha Machi na Machi, na kwenye pikseli zilezile. Kuhusu wastani, tahadhari. Tuseme nusu ya eneo ina barafu ya mita 3 na nusu nyingine mita 1: wastani ni 2. Nene ikipungua hadi 2.5 na nyembamba ikayeyuka yote, wastani wa iliyobaki ni 2.5! Barafu imepungua, grafu imepanda. Hesabu ujazo, au gawa kwa eneo lote pamoja na maji wazi.

Kuunga Envisat, setilaiti ya rada ya awali ya Ulaya, na CryoSat-2 kunawezekana kwa sababu zilifanya kazi pamoja hadi mwanzoni mwa 2012. Rekebisha tofauti kwa kipindi hicho. Kati ya ICESat mbili hakuna mwingiliano wowote. Kiangazi madimbwi ya maji juu ya barafu huidanganya rada kwamba ni bahari wazi, kwa hiyo anza na Oktoba hadi Aprili. Antaktiki iache kwanza: theluji huko huizamisha barafu hadi kimo kinakaribia sifuri.

Mwisho, pima kazi yako dhidi ya sona zilizotiwa nanga katika Bahari ya Beaufort tangu 2003. Zinapima sehemu iliyozama, hivyo usiguse namba zao. Geuza zako: unene, toa kimo cha barafu juu ya maji.