Si lazima ulipe dola ndo makala isomwe bure

Dada uliyeuliza kama lazima ulipe jarida ndo makala yako ya utafiti isomwe bure, hapana bana. Majarida mengi yanakuruhusu kuweka ile nakala iliyokubaliwa, yaani ya Word kabla hawajaipanga, kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, we hapo UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nenda maktaba wakuangalizie masharti ya jarida lako maana mengine yanataka usubiri miezi 6 au 12 hivi. Data nazo pandisha Zenodo, hazina ya mtandaoni ya data za utafiti, ni ya CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya) toka 2013, bure na unapata DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha data yako. Ila eleza kila safu ina maana gani, maana mi nilipeleka data za wakulima wa zabibu mkutubi akaniuliza "hii safu ya mf2 ni nini?" nikajikuta hata mwenyewe sikumbuki 😂 (na majina ya wakulima toa kwanza)