Jimmy wa Jawbone anavunja sheria?
Mkuu, umeuliza kama Jimmy McCabe, bondia mlevi kwenye filamu ya Jawbone (2017), anavunja sheria kwa kupigana bila leseni. Hapana. Mapambano ya aina hiyo Uingereza yako tu nje ya British Boxing Board of Control (Board), chombo kinachosimamia ngumi za kulipwa huko. Kupigana kwenyewe si jinai. Balaa liko kwenye afya. Bondia wa Board hupigwa picha ya ubongo ya MRI kila mwaka, na tangu bondia Michael Watson aumie ubongo 1991 kisha aishtaki Board na kushinda, kando ya ulingo lazima wawepo madaktari wenye vifaa vya kumsaidia mtu kupumua. Jimmy na ile pombe yake, sidhani kama angevuka hata vipimo. Ndiyo maana anaishia kwa Padgett, promota wa mapambano hayo yasiyo na leseni.