Siku ya Tano, Chembe Sahani 310

Wadogo zangu mlioanza wadi ya watoto, juzi kwenye raundi nimesikia tena: "Chembe sahani 310, Kawasaki hakuna." Yaani chembe za kugandisha damu ni elfu 310, hazijapanda, basi si Kawasaki, ule ugonjwa wa homa wa watoto unaovimbisha mishipa ya damu, hata ya moyo. Nikachukua faili, nikahesabu siku za homa. Tano tu!

1. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotoa jibu. Mtazameni mtoto: macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo, ulimi, viganja, tezi ya shingo. Upele hujificha kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mvueni nguo, msogezeni dirishani.

2. Chembe sahani hupanda wiki ya pili. Hili nililijua kwa gharama ya mtoto wa watu. Aliletwa kutoka Mbagala, miaka miwili, homa siku ya tano. Malaria hasi, CRP (kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) 140, chembe sahani 290. Mkojo ulikuwa na seli za usaha, nikaandika UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), nikaanza seftriaksoni. Mkojo ulipooteshwa maabara kutafuta bakteria haukuota kitu. Nikabadilisha antibayotiki badala ya kubadilisha mawazo. Mama yake aliniambia mara mbili, "Dokta, mwanangu hana midomo hii." Nikamjibu ni homa. Homa ikashuka yenyewe, nikawaruhusu. Siku ya 15 wakarudi, ngozi ya ncha za vidole inabanduka, chembe sahani 870, na eko (picha ya moyo) ikaonyesha mshipa wa moyo umetutumka. Nilikaa na mama kwenye benchi la korido nikamweleza kila kitu. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ile midomo?"

Bado naisikia sauti yake.

3. Dalili hazijatimia lakini CRP imefika 30 au ESR (kipimo kingine cha uvimbe) 40? Tafuteni albumini (protini ya damu) 3.0 kushuka chini, upungufu wa damu, ALT (kipimo cha ini) iliyopanda, chembe nyeupe 15,000, usaha kwenye mkojo, na chembe sahani 450,000 baada ya siku ya saba. Zikifika tatu, tibuni.

4. Baada ya imunoglobulini, dripu ya kingamwili inayotibu Kawasaki, msifuate ESR, dawa yenyewe huipandisha. Fuateni CRP.

5. Dawa ni gramu 2 kwa kilo, ndani ya siku 10 za homa. Bila hiyo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa ya moyo. Ni ghali, kwa hiyo anzeni kuiulizia famasi siku ileile mnayoshuku, msingoje raundi ya Jumatatu.

Yule wa juzi tulimrudia: albumini 2.7, ALT juu, damu imepungua. Leo ni siku yake ya saba, na dripu imeanza saa nne asubuhi.