Barua za Ujana za Hunter S. Thompson: Ukweli au Majigambo?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimemaliza kusoma The Proud Highway, mkusanyiko wa barua ambazo mwandishi wa habari Mmarekani Hunter S. Thompson aliziandika kati ya 1955 na 1967. Kinachonitatiza ni kwamba alijiwekea nakala tangu akiwa kijana asiyejulikana na yeyote. Mtu anayehifadhi nakala ya barua anayomwandikia mama yake mzazi, je, anasema kweli au anajitengenezea jina?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Thompson, aliyezaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1937, alikuwa akipachika karatasi ya kaboni kwenye taipureta hata alipokuwa hana kazi wala senti, na ndiyo maana mwanahistoria Douglas Brinkley, aliyeuhariri mkusanyiko huo uliotoka mwaka 1997, alikuta maelfu ya barua za kuchagua. Majigambo yamo, tena tele.

Hata hivyo, mimi huzisoma kama karakana, si kama ungamo. Kijana huyu ndiye aliyekuwa mtumishi wa ngazi ya chini katika jarida la Time, akapiga chapa kurasa za riwaya za Fitzgerald na Hemingway neno kwa neno ili ajue mwendo wa sentensi zao. Mwaka 1958 aliomba kazi katika gazeti la Vancouver Sun la Kanada kwa barua iliyokiri waziwazi kwamba yeye na bosi wake wa mwisho walidharauliana. (Kazi yenyewe hakuipata, wala sishangai.) Mwaka uliofuata William Kennedy, mhariri wa gazeti la San Juan, Puerto Rico, alimkatalia ajira, Thompson akamjibu kwa matusi, mwenzake naye akajibu, na katika kurushiana maneno huko ukazaliwa urafiki wa miaka mingi.

Kwa hiyo, visa anavyovisimulia vipokee kwa tahadhari, lakini sauti yake iamini. Rudia barua aliyomwandikia Kennedy huyohuyo tarehe 22 Novemba 1963, siku Rais John F. Kennedy alipouawa. Humo analalamika kwamba hana mtu wa karibu wa kumweleza “hofu na chuki” iliyomjaa. Uchungu ule sioni kama ni wa kuigiza. Ila miaka 8 baadaye aliyachukua maneno yaleyale akayafanya jina la kisa chake cha Las Vegas.