Jibu: Mwanangu wa miezi 7 anafanya kama anatapika kila akila, je, anapaliwa?

Pole mama, najua moyo unavyoruka. Ila kwa ulivyoeleza, kwamba anatoa ulimi, anakohoa, macho yanalenga machozi kisha anaendelea kula, huko siyo kupaliwa. Mtoto wa umri huo sehemu inayoamsha hali ya kutaka kutapika iko mbele zaidi ya ulimi kuliko kwetu, kwa hiyo tonge linarudishwa kabla halijafika kooni. Ni kinga yake. Kaa karibu, tulia, mwache alitoe mwenyewe, na usimtie kidole mdomoni, maana unaweza kulisukuma ndani.

Cha kuogopa ni ukimya. Aliyepaliwa kweli halii, hakohoi kwa nguvu, na midomo au fizi zinaanza kuwa za bluu. Hapo usisubiri. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5, rudia kwa zamu huku mwingine akiita msaada wa dharura. Akizimia, anza kumfufua kwa kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi. Tafadhali wote mnaomlisha mjifunze haya kwa mhudumu wa afya.

Zabibu zikateni vipande vinne kwa urefu. Karanga nzima bado kabisa. Na ale ameketi wima, siyo akitambaa.